Rejeta Isiyo na Kelele

Tarehe 3 Februari

Kitindamimba,

Jana msimamizi aliponiita simuni nilikimbia na glavu mikononi, na kitu cha kwanza nilichosikia si sauti yako wala ya Mama, ni lile dude lako. Nilidhani unapiga simu ukiwa kwenye mashine ya kusaga. Mama anaongea, napata neno moja, mengine yanamezwa na feni.

Sasa nisikilize, maana mimi ndiye mkubwa. Mama hana nguvu za kutoka kitandani. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba muuguzi amesema anachohitaji sasa kuliko dawa ni utulivu. Na kati ya kitanda chake na meza yako kuna ule ukuta wa mbao tu, ambao Baba aliuweka kwa muda akafa kabla hajaleta matofali. Hapo ndipo unapochora nyumba za watu ambazo hazijajengwa, na kompyuta inanguruma kutwa nzima. Sikulaumu, ndiyo kazi inayowalisha. Lakini haiwezi kuendelea hivyo.

Mimi siwezi kuja kabla msimu wa matunda haujaisha. Ghala zima la baridi lina mafundi wawili wa mitambo, na mwenzangu mgongo umemshika. Najua wanavyosema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Basi nitaituma fimbo yenyewe. Kupoza vitu ndiyo kazi yangu, nitashindwa na kompyuta moja? Tutaipoza kwa maji. Pampu ndogo inazungusha maji kwenye zile sehemu zinazochemka, maji yanabeba moto hadi kwenye rejeta, na feni zinaupuliza nje, sawasawa na gari. Ukiipatia rejeta inayofaa, feni zinazunguka taratibu mpaka unasahau kwamba zipo.

Nipimie kasha la kompyuta yako, urefu, upana na kina, kwa rula, si kwa macho. Na umwambie Mama nashughulikia usingizi wake.

Dada yako,
Barafu


Tarehe 11 Februari

Dada Barafu,

Shikamoo. Nimemsomea Mama barua yako. Alicheka ulipoiita kompyuta yangu dude. Nikamwuliza, basi tuendelee na mpango huu? Akasema, "Fanyeni mnavyoona, wanangu, nyie ndio mnaojua mitambo." Nimeichukua kama ruhusa.

Vipimo nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, na ndiyo, nimetumia rula. Kasha ni dogo. Kwa juu inaingia rejeta ya feni tatu kwa urefu, ila iwe nyembamba, maana chini yake bodi inabana. Jamaa wa duka la mtaani anayo moja ya alumini, nyepesi kama kifuniko cha sufuria, na vile vibati vyake vya kupitisha upepo vimebanana hata unywele haupenyi. Anasema kadiri vibati vinavyobanana ndivyo baridi inavyozidi. Nimekaribia kumwamini. Wewe unasemaje?

Mama anakula kidogo, supu zaidi. Asubuhi jirani yetu Mama Pacha anakuja kumwogesha na kumbadilishia shuka, halafu wanakaa kusengenya mtaa mzima mpaka nawaonea wivu. Mimi naingia kumwangalia kila ninapoweza. Kazi ya ile hoteli ninayoichora imenikaba koo. Mwenye mali anataka alione bwawa lake la kuogelea kabla hajachimba hata shimo.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Tarehe 19 Februari

Kitindamimba,

Marahaba. Huyo jamaa wa duka mwambie dada yako amekataa.

Kwanza, alumini. Vile vipande vitakavyokaa juu ya zile sehemu zinazochemka, prosesa na kadi ya picha, ni vya shaba. Ukiweka shaba na alumini ndani ya maji yaleyale, moja inamla mwenzake polepole, na siku utakapogundua, maji yameshafika kwenye bodi. Hiyo ndoa haidumu, usiifunge.

Pili, vibati. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Ni kweli vikibanana vinatoa moto mwingi, lakini upepo haupenyi mpaka feni zikimbie kama zimefukuzwa, na feni zikikimbia tumerudi kulekule kwenye makelele. Sisi tunataka vibati vilivyoachana, na rejeta iwe nene, ili upepo wa polepole upite bila kulazimishwa. Nene haitaingia ndani ya kasha lako, nimeona vipimo. Utaifunga nje, mgongoni, kwa vyuma vya pembe nitakavyokutumia. Haitapendeza. Kwani nani anakuja kuitazama?

Nimebishana na mwenzangu wa zamu wiki nzima. Yeye alitaka yenye vibati vya wastani, eti inafaa kwa vyote. Nikamwambia mimi sitafuti cha kufaa kwa vyote, natafuta cha kumlaza mama yangu. Nimechagua ya shaba tupu, nene kama mche wa sabuni. Inakuja na lori la ghala pamoja na pampu na mipira yake ya maji. Ukiipata, ioshe ndani kwa maji ya moto, rudia na rudia mpaka yatoke safi, maana mafundi wa kiwandani huacha uchafu wa kulehemu. Halafu ujaze maji yaliyokenekwa, yale ya betri, ya bomba usiyaguse. Siku ya kwanza iwashe pampu peke yake, kompyuta ikiwa imezimwa, na utandike karatasi za chooni chini ya kila kiungo. Kikivuja kitajisema chenyewe.

Nikuambie ukweli? Tangu nianze kuitafuta hii rejeta, moyo umetulia kidogo. Nilikuwa najiona mtoto wa bure, nalinda usingizi wa matunda ya watu huku mama yangu halali. Sasa walau kuna kitu cha mkono wangu kitakuwa karibu naye.

Dada yako,
Barafu


Tarehe 6 Machi

Dada Barafu,

Shikamoo. Imewaka.

Kiungo kimoja kilivuja, karatasi ikalowa kabla sijamaliza kuisifu kazi yangu. Nikakaza, nikatandika nyingine, ikabaki kavu. Rejeta yako imekaa mgongoni mwa kasha kama mtoto aliyebebwa vibaya, lakini dada, inafanya kazi. Niliipa hoteli nzima ichore, bwawa na vioo vyake vyote, kazi ambayo zamani ilikuwa inainua kelele mpaka paka wa jirani anahama. Kimya. Nikaweka kiganja nyuma ya feni kuhakikisha zinazunguka. Zinazunguka, upepo unatoka vuguvugu, na sisikii kitu.

Mama akaita kutoka chumbani, "Umemaliza kazi?" Nikamjibu ndiyo kwanza naianza. Nikaenda kumweleza, nikamwambia hii ni kazi ya Barafu, ameichagua mwenyewe kwa ajili yako. Akasema, "Mungu ambariki mwanangu. Ameniwaza." Ameniambia nikuandikie hivyo hivyo.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Tarehe 14 Machi

Kitindamimba,

Marahaba, marahaba tena. Barua yako nimewasomea wenzangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Yule wa vibati vya wastani amekubali yaishe. Nimeikunja nimeiweka kwenye mfuko wa koti la baridi, na leo nimefanya zamu nzima ndani ya ghala la chini bila kulalamika. "Ameniwaza." Mama hajui jinsi ninavyomwaza.

Sasa usibweteke. Kelele kubwa ikiondoka, ndogo ndogo ndizo zinazoanza kusikika, hilo tunalijua sisi wa mitambo. Kiti chako kile kinakwaruza sakafu, nilikuwa nakisikia hata simuni. Kivalishe kitu miguuni. Bawaba za mlango wako zitie mafuta. Ukizungumza na wateja, toka nje. Nataka Mama asisikie chochote.

Dada yako,
Barafu


Tarehe 25 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefanya yote. Kiti nimekivalisha soksi zangu, mlango nimeutia mafuta, wateja naongea nao barabarani kama tapeli. Nyumba imekuwa maktaba.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Mama anaita. Nikikaa tu kwenye meza, "Upo?" Nipo, Mama. Sijapaka hata ukuta mmoja wa picha rangi, "Upo?" Naenda. Unataka maji? Hapana. Nikugeuze? Hapana. Unaumwa wapi? Siumwi. Basi unataka nini, Mama? "Nilitaka kujua tu kama upo." Narudi, nakaa, anaita tena. Zamani hakuwa hivi. Zamani ningeweza kufanya kazi kutoka asubuhi mpaka chakula cha mchana, na nikimpelekea sahani yake ananipokea kwa maneno matamu. Nahisi ugonjwa umeanza kumgusa akili, na kuliandika hilo kunaniuma.

Usiniambie nivumilie, maana kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Juzi nilimjibu vibaya. Nilisema kwa sauti, "Mama, kwani nitakuwa wapi?" Akaniomba radhi. Mama mzima anamwomba radhi mtoto wake kwa kumwita.

Mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Usimjibu hivyo tena. Najua umechoka, najua uko peke yako na mimi niko huku natoa amri, lakini usimjibu hivyo. Akiita mara mia, jibu mara mia.

Sidhani ni akili. Mtu aliyekosa usingizi muda mrefu hachangamki siku moja, huenda bado mwili wake unalipa. Mweleze muuguzi, pengine ni dawa zinamfanya aogope. Na hebu kagua pampu. Una hakika haitetemeshi meza? Meza imeegemea ule ukuta wa mbao, na kitanda kimeegemea upande wa pili. Mtetemo mdogo ambao wewe huusikii, mgonjwa anaweza kuupata mgongoni, ukamshtua kila anaposinzia. Weka sponji chini ya pampu, nene, halafu isogeze meza iachane na ukuta.

Habari nyingine mwambie mwenyewe, polepole, akiwa ameketi vizuri: ruhusa yangu imekubaliwa. Matunda ya mwisho yakiondoka, nami naondoka. Nakuja kukaa naye.

Dada yako,
Barafu


Tarehe 9 Aprili

Dada Barafu,

Shikamoo. Nakuandikia mbiombio, dereva wa lori amesema anapita kuchukua barua jioni hii.

Ulikuwa sahihi. Meza nimeisogeza, pampu nimeikalisha kwenye sponji, na sasa hata mimi niliyekaa mbele yake lazima niangalie taa kujua kama imewaka. Na sikiliza hii: Mama amelala.

Asubuhi Mama Pacha alimwogesha, akanywa supu vijiko kadhaa. Nikampa habari yako. Alitabasamu, akauliza, "Barafu mwenyewe?" kana kwamba tuna wengine. Baada ya hapo nikaja kwenye meza, na hajaita. Nimefanya kazi mchana wote bila kusikia "Upo?" hata moja. Nilichungulia kidogo mlangoni, nikamkuta amegeukia ukutani, shuka imefika begani, nikarudi kwa ncha za vidole nisimwamshe. Dada, sijui nikuelezeje raha niliyoisikia. Huu ndio usingizi ambao muuguzi alikuwa anausema. Picha ya bwawa nimeimaliza, na nadhani ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora.

Nitamwacha mpaka aamke mwenyewe, ndipo nimpashie supu. Umeshinda, dada. Hongera sana.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Tarehe 27 Aprili

Mdogo wangu,

Nimerudi ghalani jana. Barua yako ya tarehe tisa ilikuwa inanisubiri kwa msimamizi. Lori lililoileta lilipishana njiani na lile lililonipeleka kuzika. Niliona mwandiko wako kwenye bahasha nikafurahi, nikaanza kuifungua, halafu nikakumbuka.

Nimeisoma mara moja. Siwezi kuisoma tena, na kuichana pia siwezi.

Sikulaumu kwa kuchungulia na kurudi. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo hivyo, na ningekusifu ningekuwa nimekuona. Daktari alisema aliondoka mapema mchana, na alisema taratibu. Hebu tumwamini. Wewe ulikuwa unamlindia usingizi, hukuwa umemwacha. Naomba ulishike hilo kabla sijakuandikia yanayofuata.

Kuna jambo sikukuambia nilipokuwa nyumbani, kwa sababu nyumba ilijaa watu na wewe ulikuwa huli. Siku moja kabla sijaondoka nilikuwa jikoni na Mama Pacha, tunaosha vyombo. Akaniambia, "Mama yenu aliukumbuka sana mvumo wa ile mashine." Nikauliza mashine gani. Akasema, "Si hiyo ya mdogo wako. Ilipokuwa inavuma, alikuwa ananiambia, mwanangu yuko kazini. Ikizimika, ananiambia, sasa hivi anakuja na sahani. Ndiyo ilikuwa saa yake. Mlipoinyamazisha akawa ananiambia, shoga, siku hizi nalala hapa sijui kama kuna mtu ndani ya nyumba au nimebaki mwenyewe." Mama Pacha akamwambia, si uwaambie watoto? Mama akakataa. "Barafu kaituma kutoka kote kule. Nitamwambiaje kwamba siitaki?"

Mama Pacha alidhani tunajua. Alikuwa anapangusa sufuria huku anaongea, hakuona uso wangu.

Nimepimisha urefu wa kasha lako, upana na kina. Nimekataa alumini, nimekataa vibati vilivyobanana, nimemgombeza mtu mzima juu ya vibati vya wastani. Nimekivalisha kiti chako soksi. Nimeiachanisha meza na ukuta, mimi, kwa barua, kutoka huku. Mambo yote hayo niliyauliza, na swali moja sikuuliza: Mama, unapenda nini? Hakuchanganyikiwa alipokuwa anakuita. Alikuwa anauliza kitu ambacho mwanzoni alikuwa analijua jibu lake bila kuuliza, na jibu hilo nilimnyang'anya mimi nikiwa nafurahi.

Moyo wangu umevunjika. Sina maneno mazuri zaidi ya hayo.

Rejeta iuze, igawe, itupe, sitauliza. Ila nijibu jambo moja na usinifiche kwa sababu ya kunihurumia. Mvumo ulikuwa unafika kweli kitandani? Mama Pacha anapenda kutia chumvi, tunamjua. Natamani awe ametia chumvi.

Dada yako


Tarehe 8 Mei

Dada,

Shikamoo. Sikujibu mapema kwa sababu sikutaka kukujibu kwa kukisia, na tangu tumzike Mama nilikuwa sijaigusa kompyuta.

Jana niliifungua. Nikamwaga maji, nikaitoa rejeta yako, nikarudisha feni za zamani na vipozeo vyake. Meza nikaisogeza ukutani ilipokuwa. Halafu nikaipa kazi ile nzito ya hoteli iichore upya kuanzia mwanzo, ikaanza kuvuma. Nikatoka, nikafunga mlango nyuma yangu, nikaenda kulala kitandani kwa Mama, nimegeukia ukuta kama alivyokuwa.

Mama Pacha hakutia chumvi. Ningeweza kukudanganya, na nilikaa na kalamu nikifikiria kukudanganya, lakini tumeshafichana vya kutosha katika nyumba hii. Mvumo unapita kwenye mbao, unafika mpaka kwenye mto. Tena haukai vilevile. Kazi ikiwa nzito unapanda, ikipungua unashuka, unajua kabisa sasa aliyeko mezani anahangaika, sasa amepata nafuu. Nadhani Mama alikuwa anaifuata kazi yangu yote bila kuiona hata picha moja.

Nilijua chumba changu cha kazi nimekiacha kitupu. Nimekifunga kwa mkono wangu. Lakini kadiri nilivyozidi kulala pale, ndivyo nilivyozidi kuwa na hakika kwamba kuna mtu upande wa pili, anaendelea na shughuli zake, na nikimwita atakuja.

Dada, niliita.

Mdogo wako